TV ya plazma inatoa "tik" kisha inazima: kabla hujanunua bodi nyingine, tafuta shoti ilipo

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina TV ya plazma ya inchi 50, imenitumikia zaidi ya miaka kumi bila kunisumbua. Wiki mbili sasa nikiiwasha inatoa sauti ya 'tik', taa nyekundu inageuka kijani, namsikia mtangazaji kama sekunde mbili au tatu, halafu 'tik' nyingine na inazima. Baada ya hapo taa nyekundu inapepesa. Muda wote huo kioo ni cheusi tii. Fundi aliniambia ni bodi ya pawa. Tukaibadilisha, ikafanya vilevile. Sasa anasema kioo kimekufa. Ni kweli? Nina multimeta, na kuchomelea risasi najua kidogo. Naweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile linalokuuma: kwa dalili ulizoeleza, sidhani kama kioo kimekufa, na nina shaka hata kama ile bodi ya pawa ya kwanza ilikuwa na kosa. Bodi ya pawa ya plazma haitoi umeme tu, inajilinda pia. Ikiona kuna mahali umeme unavutwa kupita kiasi, inakata yenyewe. Tik ya kwanza ni relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, ikiunganisha umeme. Tik ya pili ni relei ikiuachia kwa sababu imekuta jambo baya mbele yake. Fundi wako amemkamata aliyepiga kelele za mwizi, mwizi mwenyewe akamwacha ndani ya nyumba.

Zile sekunde mbili tatu za sauti zinatufaa sana. Zinatuambia bodi kuu inafanya kazi, spika ziko sawa, na umeme mdogo wa volti 5 na wa sauti unatoka. Kilichoanguka kiko upande wa umeme mkubwa unaowasha kioo, na huko mara nyingi mwenye kosa ni bodi ya Y, moja ya bodi mbili zinazourushia kioo umeme huo (mwenzake ni X), au bodi ndogo za bafa zilizo ubavuni mwake, zinazoupitisha umeme wa Y kwenye mistari ya kioo. Kama unaweza kuitengeneza mwenyewe, jibu langu ni ndiyo, ila kwa masharti ambayo sitayalegeza hata kidogo.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba ni plazma kweli. Watu wamezoea kuita kila TV bapa "plazma", na ushauri wa TV ya aina moja ukiutumia kwenye nyingine utapotea. Panasonic ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaacha kutengeneza plazma, na mwaka 2014 Samsung na LG wakafuata. TV iliyotengenezwa miaka ya karibuni, basi, si plazma. Ya kwako ina umri unaofaa. Gusa mbele: plazma ina kioo kigumu kama cha dirisha, hakibonyei kwa kidole, ni nzito mno kwa ukubwa wake, na ikiwaka kioo hupata joto unalolihisi kwa kiganja. Lipo pia jaribio maarufu la kumulika tochi kwenye kioo cheusi ili kuona kama picha ipo kwa mbali. Hilo ni la TV za LCD, ambazo zina taa nyuma ya kioo. Plazma haina taa ya nyuma. Kila kijisehemu cha picha hujiwakia chenyewe. Ukimulika plazma usione kitu, hujajifunza lolote, na usikubali mtu akuhukumie kioo kwa kipimo hicho.

Sasa masharti. Ndani ya TV hiyo kuna kapasita kubwa, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, kwa kawaida mbili au tatu zilizoandikwa 450V, ambazo hubeba karibu volti 380 hadi 400 za umeme wa moja kwa moja (DC). Upande wa kioo kuna umeme mwingine, unaoitwa Vs, ambao kulingana na modeli huwa kati ya volti 160 na 210 hivi. Umeme huo hauondoki kwa sababu tu umechomoa plagi. Niliwahi kufungua plazma iliyokuwa imechomolewa kwa saa kadhaa, nikaweka mita kwenye kapasita kubwa nikakuta zaidi ya volti 300 zimekaa palepale. Sababu yake inafaa kukumbukwa: sehemu ya stendibai, ile inayobaki na umeme TV ikiwa imezimwa kwa rimoti, ilikuwa imekufa, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuimaliza ile chaji. TV iliyokufa kabisa, isiyowasha hata taa, inaweza kukudhuru kuliko ile inayohangaika kuwaka.

Basi chomoa plagi ukutani, subiri angalau dakika 15, fungua, halafu pima. Weka multimeta kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha 1000, na upime kwenye miguu ya kila kapasita kubwa, pamoja na zile za bodi ya Y na ya X. Ukikuta chaji, imalize kwa balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 40 au 60, uliyoiungia nyaya mbili zenye ncha na mpira mzuri. Au kwa rezista ya omu 2,000 yenye uwezo wa wati 10, ukiishika kwa koleo lenye mpira. Gusisha miguu miwili kwa sekunde chache, kisha pima tena. Mpaka mita isome chini ya volti 10, usiweke kidole humo. Ile tabia ya kugongesha bisibisi kwenye miguu ya kapasita iache kabisa, hata kama umeona mafundi wakiifanya: cheche ile inachoma njia za shaba kwenye bodi, inaweza kupasua kapasita, na inaweza kukurushia chuma kilichoyeyuka usoni.

Unapopima TV ikiwa inawaka, tumia mkono mmoja. Mwingine uwe mfukoni au nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Vua pete na saa. Vaa viatu vikavu. Asikosekane mtu mzima karibu anayejua plagi iko wapi. Watoto wasiwemo chumbani. Kama mojawapo ya haya hulipati, acha kazi mpaka ulipate.

Kabla ya kufungua, kuna mambo mawili ya bure. Chomoa kila kilichounganishwa nyuma, yaani HDMI, antena na king'amuzi, ubaki na waya wa umeme tu, kisha uiwashe. Ni nadra, lakini kifaa kibovu cha nje kinaweza kuifanya TV isiwake. La pili, hesabu mapepeso ya ile taa nyekundu: inapepesa mara ngapi kabla ya kupumzika na kuanza tena? Andika namba hiyo. Watengenezaji wengine, Panasonic hasa, waliweka maana katika idadi hiyo, kila namba ikielekeza kwenye bodi fulani, na maana hizo zimo kwenye kitabu cha ufundi cha modeli yako. Huo ni ushahidi TV yenyewe inaokupa, na ni jambo la kusikitisha kuona watu wanaupita na kukimbilia kununua spea.

Kufungua kwenyewe ni skrubu nyingi tu, lakini uzito ni hatari. Uiinue na mtu wa pili. Ibebwe ikiwa imesimama, kamwe isilazwe bapa mikononi kama sinia, maana kioo kinaweza kupasuka kwa uzito wake mwenyewe. Ukitaka kuilaza, iwe kifudifudi juu ya meza pana iliyonyooka, yenye blanketi nene isiyo na uvimbe popote. Piga picha kila hatua. Skrubu zina urefu tofauti. Ndefu ikiingia pa fupi inaweza kufika isikotakiwa.

Mfuniko ukitoka, utaona bodi kadhaa. Bodi ya pawa ni ile yenye zile kapasita kubwa na waya wa ukutani unaoingia. Bodi kuu ndiyo yenye matundu ya HDMI na antena. Katikati kuna bodi ndogo ya lojiki yenye kebo bapa zinazotawanyika pande zote. Chini ya kioo, na wakati mwingine juu pia, kuna bodi nyembamba ndefu za anwani. Kisha kuna bodi mbili kubwa, moja kila upande, zenye mabati ya kupoozea: Y na X. Utaitambua Y kwa sababu kati yake na ukingo wa kioo kuna bodi nyingine za bafa zilizojipanga wima, moja au mbili, na kutoka kwazo kunatoka tepe nyingi zinazoingia kwenye kioo. Majina hubadilika: LG huita upande wa X kwa jina la Z, na Panasonic huita Y kwa herufi SC na X kwa herufi SS. Kazi ni ileile.

Ukielewa kazi hiyo utaelewa kwa nini namshuku Y. Kati ya vioo viwili vya TV yako kuna vijichumba vidogo sana vilivyojazwa gesi za neoni na zenoni. Kwenye kioo cha nukta 1920 kwa 1080, vijichumba hivyo ni zaidi ya milioni 6, kwa kuwa kila nukta ina chekundu, cha kijani na cha bluu. Umeme ukipita kwenye gesi, gesi inatoa miale ya urujuanimno, na miale hiyo ikigonga unga wa fosfa uliopakwa ndani, rangi inawaka. Bodi ya Y huchagua mstari baada ya mstari, bodi za anwani husema ni vijichumba vipi vya mstari huo viwake, kisha Y na X hurushiana umeme wa Vs huku na huku, maelfu ya mara kwa sekunde, ili vilivyochaguliwa viendelee kung'aa. X ana kazi moja. Y ana mbili, kuchagua na kurusha, na tena anabeba volti za aina nyingi zaidi. Ndiyo maana huchoka mapema.

Sasa twende kwenye kutafuta. TV iwe imechomolewa, chaji imekwisha. Tazama kwanza kwa macho na unuse. Kapasita iliyovimba kichwa, rezista iliyoungua, na hasa vile vijikaki vyeusi vya saketi kwenye bodi za bafa: vikiungua mara nyingi huacha kitundu kidogo au lengelenge katikati ya mgongo. Tumia tochi na kioo cha kukuzia. Nimeona kosa lote limejificha kwenye kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini.

Halafu tafuta fyuzi kwenye bodi ya Y na ya X, karibu na pale waya wa Vs unapoingilia. Pima kama inapitisha. Fyuzi iliyokatika humo ina maana kuna kitu mbele yake kimepiga shoti, na usithubutu kuiunganisha kwa kipande cha waya ili "tuone itakuwaje". Itakuwa moto, na bodi yako mpya ya pawa itaenda nayo.

Kipimo kikuu ndicho hiki. Chomoa waya wa Vs unaotoka bodi ya pawa kwenda Y, na ule unaokwenda X. Kwenye soketi ya kila bodi tafuta pini iliyoandikwa Vs na pini ya ardhi (GND), majina yameandikwa pembeni yake. Weka mita kwenye omu, upime kati ya pini hizo, upande wa bodi ya Y kwanza, kisha wa X. Bodi nzima itaanza na namba ndogo, kisha namba itapanda pole pole kadiri kapasita zinavyojaa kutoka kwenye betri ya mita, mpaka maelfu ya omu au zaidi. Bodi yenye shoti itabaki chini, labda omu chache tu, na haitapanda. Pima pia pini ya Va, yaani umeme wa bodi za anwani, na ardhi. Ulinganisho huu wa dakika kumi ndio uliopaswa kufanywa kabla ya senti ya kwanza kutumika kwenye bodi ya pawa.

Tuseme Y imeonyesha shoti. Chomoa sasa bodi za bafa kutoka kwenye Y na upime tena. Shoti ikitoweka, imo kwenye bafa. Ikibaki, imo kwenye Y yenyewe, mara nyingi katika moja ya zile transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoozea. Ukizipima mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, iliyokufa itasoma sifuri au karibu na sifuri kwa pande zote mbili.

Hapa nisimame, maana ndipo watu wengi wanapoumia mfukoni. Y na bafa huuana. Bafa iliyopiga shoti huua transista za Y. Y iliyoharibika hupeleka volti isiyo sahihi na kuchoma bafa. Mtu anapata Y imekufa, ananunua Y, anaiunga kwenye bafa bovu lilelile, na baada ya sekunde moja ana Y mbili zilizokufa. Kwa hiyo hata kama shoti umeikuta kwenye Y, pima bafa. Zikiwa mbili, ya juu na ya chini huwa karibu pacha, na hilo ni bahati yako: pima sehemu ileile kwenye zote mbili kwa alama ya dayodi, ukilinganisha. Pima kila mguu wa kutokea kuelekea ardhi ya bafa. Namba zinapaswa kufanana mstari mzima, kwa kawaida sifuri nukta nne hadi sita hivi. Mguu mmoja ukisoma sifuri wakati wenzake wote wako sawa, bafa hilo halifai, hata kama linang'aa kama jipya. Bafa likiwa ni moja, linganisha kila mguu na jirani zake.

Kumbuka pia kwamba kwenye modeli nyingi ardhi ya bafa si chasisi ya TV. Inaelea, inapanda na kushuka na umeme wa Y. Ukiweka ncha nyeusi ya mita kwenye bati la TV utapata namba za ajabu na utahukumu bodi nzima kuwa mbovu. Weka ncha hiyo kwenye ardhi ya bafa yenyewe. TV ikiwa inawaka, usiguse ardhi hiyo ukidhani ni salama kwa sababu inaitwa ardhi.

Na zile tepe zinazoingia kwenye kioo zishike kama yai. Kila soketi ina kijifuniko kinachoinuka au kuvutwa. Kifungue kwanza, ndipo tepe itoke bila nguvu. Tepe imegandishwa kwenye kioo kiwandani. Ukiichana, hakuna risasi wala gundi itakayoirudisha, na hapo kioo ndipo kitakuwa kimekufa kweli, kwa mkono wako. Ukikuta uchafu kwenye miguu yake, futa taratibu kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, acha ikauke kabisa.

Kama shoti iko upande wa X, njia ni ileile na ni rahisi zaidi, kwa kuwa X kwa kawaida haina bafa la kuchagua mistari.

Na kama hakuna shoti popote? Usikate tamaa, wala usikimbilie kuilaumu pawa tena. Kuna volti nyingine ambazo Y hujitengenezea yenyewe kutokana na Vs au umeme mdogo, na kosa huko halionekani ukipima pini ya Vs. Hapo ndipo jaribio la kuwasha linapofaa. Rudisha waya wa X tu, Y ikiwa imechomolewa, washa kwa sekunde chache na usikilize. Zima, chomoa, maliza chaji, badilisha: Y ndani, X nje. Ikiendelea kuwaka wakati Y haimo na ikazima Y ikiwemo, umempata. Ila zipo modeli ambazo hukata umeme zikikosa bodi yoyote, kwa hiyo matokeo ya jaribio hili ni ushahidi wa kusaidia, hayashindi vipimo vya omu. Kama bodi zote za umeme mkubwa zimetoka safi, nenda kwenye kapasita ndogo za volti 5 na 15 kwenye bodi ya pawa, ingawa umeibadilisha. Bodi iliyotumika inaweza kuwa na ugonjwa uleule wa uzee. Mwisho kabisa shuku bodi ya lojiki.

Ukishajua bodi mbovu, ushauri wangu kwa mtu anayejua risasi kidogo ni kubadilisha bodi, si transista. Kubadilisha transista za Y kunahitaji kuziondoa zote za kundi moja, kukagua rezista na saketi zinazoziendesha, na kurudisha kitambaa cha kuhami umeme na mafuta ya joto nyuma yake. Ukikosea kimoja, zitaungua zote siku hiyo hiyo. Bodi zisizo na kosa hutoka kwenye TV za modeli ileile zilizopasuka kioo, na hiyo ndiyo hazina kubwa iliyobaki, kwa kuwa TV hizi hazitengenezwi tena. Usinunue kwa jina la TV. Nunua kwa namba iliyochapwa kwenye bodi, pamoja na herufi au tarakimu za mwisho, maana toleo tofauti la bodi moja linaweza kuwa na volti tofauti. Nunua Y na bafa kutoka TV moja ukiweza.

Kisha ipo hatua ambayo naiomba kwa dhati usiiruke. Nyuma ya kioo, kwenye bati, kuna stika yenye namba: Vs kiasi fulani, Va kiasi fulani, na nyingine kama Vset na Vsc. Namba hizo ni za kioo hicho na si za modeli. TV mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kwa volti kadhaa. Kila inapobadilishwa bodi ya pawa au ya Y, volti zinapaswa kurekebishwa zilingane na stika hiyo, kwa kuzungusha vile vijirekebisho vidogo vilivyoandikwa majina yake. Sasa jiulize: fundi wako alipoweka bodi ya pawa nyingine, alisoma stika? Kama hakusoma, hata ukiponya Y, Vs inaweza kuwa juu kuliko kioo kinavyotaka, na itaila Y mpya polepole. Au iwe chini, na utaona vidoti vyekundu au vya kijani vikicheza kwenye sehemu nyeusi za picha, uanze kudhani kioo kimezeeka. Tumia bisibisi ya plastiki, mkono mmoja, na uzungushe kidogo sana huku ukitazama mita.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kusizidi nusu dakika. Pima Vs, linganisha na stika, zima, chomoa, subiri, maliza chaji, kagua kama kuna kilichopata joto kupita kiasi. Kisha iwashe kwa saa nzima ikiwa wazi, wewe ukiwa hapo hapo. Vumbi lote litoke kabla ya kufunga, na feni kama zipo zizunguke bila kukwaruza.

Niseme pia dalili za kioo kilichokufa kweli, ili ujue tofauti. Ufa hata wa unywele, kwa sababu gesi hutoka na haiwezi kurudishwa. Mwanga wa zambarau upande mmoja tu, pamoja na mlio wa cheche kutoka ndani ya kioo. Mistari ya wima isiyobadilika hata baada ya kubadilisha bodi za anwani, kwa sababu tepe zake zimeachia kwenye kioo. Hakuna hata moja uliyoitaja. Mlio mdogo wa kunguruma wakati picha ni nyeupe hauhesabiki. Plazma nyingi huwa nao, na huongezeka kwenye miinuko mirefu ambako hewa ni nyepesi.

Mtu anaweza kukuambia ni kupoteza muda, TV inayokula mamia ya wati ni ya kutupa. Umeme inakula kweli, sitakuficha. Lakini weusi wake wa usiku na mwendo wake wa mpira usioacha kivuli nyuma ni vitu ambavyo bado navithamini, na kosa lako linaonekana kuwa la bodi moja au mbili. Ingekuwa ufa, ningekwambia uipeleke ikavunjwe spea.

Niandikie ukishapima. Nataka mambo manne: idadi ya mapepeso, omu za Vs kwenye Y na kwenye X, omu za Y bafa zikiwa zimechomolewa, na namba zote zilizo kwenye stika ya kioo. Usinunue kitu mpaka uwe nazo mkononi.